Mzee kastaafu ualimu, mkupuo wa mafao umeingia anataka kosta. Tumwambieje?

Binti wa Kihonda

Habari za jioni wakuu. Naombeni busara zenu maana nimekaa na simu mkononi tangu saa moja sijui nimpigie nani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sekondari, katimiza 60 mwaka jana, mafao yameingia wiki iliyopita. Kiasi sitaji ila imezidi milioni sabini kidogo. Tangu hela iingie nyumbani pamekuwa kama kuna msiba, barazani watu hawaishi, kuna baba mdogo hatujamuona tangu tumemzika bibi kaja na kuku wawili, kuna kijana ana wazo la kware, wote mzee anawapa chai wanaondoka. Anayeninyima usingizi ni rafiki yake mmoja walifundisha wote, anamuuzia kosta (basi dogo la abiria) iliyotumika milioni 58, iko njia ya Msamvu Kihonda, anamwambia hesabu anayoleta dereva ni laki kwa siku mwalimu hebu piga mwenyewe laki mara thelathini. Na baba alikuwa anafundisha hisabati, basi kapiga, kapata milioni tatu kwa mwezi, kaandika kwenye karatasi kabandika kwenye friji. Nimeiona kwa macho yangu nilipoenda wikiendi. Ile milioni tatu kaipigia mistari miwili chini kama alivyokuwa anatufundisha kupigia jibu.

Sisi tuko watatu. Kaka yuko Mbagala, anasema mzee anunue tu yeye atasimamia (gari liko Morogoro yeye yuko Mbagala, atasimamia na nini sijui). Mimi niko Dodoma kwenye ajira. Mdogo wetu wa kiume yuko nyumbani hana kazi, ndiye anamtolea mzee hela kwa wakala na namba ya siri anaijua yeye, maana baba ana mtoto wa jicho, meseji hasomi vizuri. Mama yupo, nikimuuliza anasema "hela ni ya baba yenu".

Hivi kosta inalipa kweli? Na kama sio kosta aweke wapi? Na kubwa zaidi nitamwambiaje bila kuonekana na mimi naitaka hiyo hela, maana nilivyogusia kidogo tu kaniuliza "na wewe una biashara gani unataka kuniletea?" Nikanyamaza.

mchonga mwiko

Mwacheni mzee ale hela yake. Kameza vumbi la chaki miaka yote hiyo, nyie mmesomeshwa na mshahara wa kukopa dukani kwa daftari, leo kapata zake mnamshikia kikao kwenye mtandao. Akitaka kosta anunue, akitaka kuoa aoe.

Chaki Nyeupe

Binti yangu, marahaba kabla hujaniamkia. Na huyo aliyetangulia hajakosea sana, hela ni ya mzee. Ila ngoja nikusimulie.

Mimi ni mwalimu mstaafu niko Mbeya, nimetoka kazini 2019. Sisi kile kikokotoo kipya cha mafao kilichopigiwa kelele kilikuwa kimesimamishwa mwezi wa kumi na mbili 2018 na hayati Magufuli, kwahiyo nilikula nusu nzima kwa mkupuo na nikajiona mjanja kuliko wanaokuja nyuma. Nikanunua kosta, milioni 62, Uyole Mbalizi. Sisemi kosta haitajirishi mtu, wapo wametajirika, tena nawajua, lakini wale wameanzia kwenye kuosha gari wakaja ukonda wakaja kushika usukani, gari likilia upande wa kushoto anajua ni nini kabla fundi hajafungua. Mimi nilikuwa najua kemia.

Nilikuwa na kaunta buku la kwaya tatu, bado ninalo hapa. Ukurasa wa kwanza ni mzuri mpaka unaweza kuuwekea fremu, siku 19 mfululizo 90,000 imeingia kabla ya saa nne usiku. Geuza ukurasa. Tarehe 4 elfu sitini, nimeandika "trafiki". Tarehe 5 tisini. Tarehe 6 sifuri, "klachi", na chini yake 480,000 ya klachi na fundi. Tarehe 9 elfu arobaini, "mvua, abiria hakuna". Tarehe 10 sifuri, "msiba wa dereva, shemeji yake". Huyo shemeji binti yangu alifariki mara mbili mwaka ule, nina tarehe zote mbili. Mwezi wa tano tairi. Kosta ina tairi sita, hiyo ndiyo watu wanaisahau wanapoandika kwenye friji, laki tatu na nusu moja, mwambie baba yako apige. Kuna bima, kuna leseni ya LATRA ya kubeba abiria, kuna kupaki siku tatu kusubiri spea itoke Dar.

Kilichonimaliza nguvu ni siku nilipopanda gari langu mwenyewe kimyakimya pale Mwanjelwa nimevaa kofia. Dereva simjui! Kumbe dereva wangu saa tano asubuhi anampa deiwaka (dereva wa kibarua) gari anaenda kulala, deiwaka naye ana hesabu yake anampa dereva, mimi ni wa tatu kwenye foleni ya gari langu. Na konda akanidai nauli, nikalipa.

Niliuza baada ya mwaka na miezi minne, milioni 31. Ukihesabu kilichoingia na kilichotoka nilipoteza kama milioni ishirini, na presha nikapata ambayo sikuwa nayo darasani.

Sasa kwa mzee wako. Kwanza amuombe huyo rafiki yake daftari la hesabu la mwaka mzima pamoja na risiti za gereji. Asiulize kwa ubishi, aseme tu nataka kujifunza. Akikosa daftari basi hiyo laki moja ni ya siku gari likiwa zima, siku ya sikukuu, na dereva akiwa muungwana, siku tatu hizo zikutane ni shughuli. Pili, asiguse hela miezi sita. Hii nilikuja kuambiwa nimechelewa. Mtu ukishatoka kazini ile miezi ya mwanzo unaamka saa kumi na moja unavaa shati unakumbuka huna pa kwenda, hapo ndipo unaponunua kosta. Sikununua gari, nilinunua sababu ya kutoka nyumbani asubuhi.

Na tatu usimwambie wewe. Mtoto hamwambii baba habari ya hela, atakusikia kama unamnyang'anya. Mtafute shangazi yako mkubwa au mstaafu mwenzie aliyeumia, akae naye barazani, huyo atasikilizwa.

Binti wa Kihonda

Mwalimu shikamoo. Nimecheka hapo kwa shemeji kufa mara mbili alafu nimekaa kimya. Hiyo ya kuamka saa kumi na moja ndiyo baba kabisa, mama anasema anapiga pasi shati alafu anakaa nalo sebuleni.

karani wa zamani

Ngoja nitoe hesabu kidogo kwasababu nadhani mzee anaangalia mkupuo tu, ile ya kila mwezi haioni.

Chukua mwalimu aliyefanya miaka 36, yaani miezi 432, na wastani wa mshahara 1,600,000. Kwa mwaka ni 19,200,000. Kwa kanuni ya kikokotoo unazidisha 432 unagawa kwa 580, inakuja kama milioni 14.3, hiyo ndiyo pensheni nzima ya mwaka. Hapo 40 kwa mia inazidishwa 12.5 unapata mkupuo, kama milioni 71 na nusu. Ile 60 kwa mia iliyobaki unagawa kwa miezi 12, inakuja kama laki saba na elfu kumi na tano kila mwezi mpaka Mungu atakapomchukua. (Hiyo 40 ni kwa waliotokea mifuko ya zamani ya pensheni ya PSPF na LAPF, imeanza na bajeti ya 2024/25, kabla ya hapo tangu Julai 2022 ilikuwa 33, walimu wengi walikuwa PSPF.) Kwahiyo mleta mada, kosta mzee anayo tayari, inaleta hesabu kila mwezi na haina tairi hata moja.

Kuhusu pa kuweka. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu (BoT), zipo za miaka mbalimbali mpaka 25, unaanzia milioni moja, unapitia benki au dalali wa soko la hisa, riba inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi sita. Riba inabadilika kwa kila toleo, mimi nachukua 12 kwa mia kwa mfano tu, usinikamate nayo. Milioni 58 ile ya kosta kwa 12 inaleta 6,960,000 kwa mwaka, ni sawa na 580,000 kwa mwezi bila konda. Ubaya wake mzee wa 60 akichukua ya miaka 25 mtaji atauona akiwa na 85, akiutaka kabla itabidi auze sokoni na anaweza kupata pungufu. Alafu milioni 58 ya leo itabaki ileile kwa namba, mchele hautabaki bei ileile. Kwahiyo asiweke zote huko.

UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, nao wana mifuko, ule wa Ukwasi ukitaka hela yako inachukua siku chache za kazi tu, ndio mzuri kwa hiyo miezi sita ya mwalimu hapo juu, inakua kidogokidogo na haipo mkononi. Mtu akikuomba "nikopeshe" unamjibu kweli kabisa sina, iko mfukoni UTT. Wana na mfuko wa Hatifungani ambao unaweza kukupa gawio kila mwezi ukianzia milioni kumi. Ajaze jina la mama kwenye fomu sehemu ya mrithi, watu wanaruka hiyo sehemu sijui kwanini.

Mimi ningekuwa mzee, thelathini hatifungani, ishirini na tano Ukwasi, kumi amalizie anachotaka kumalizia nyumbani, paa, choo cha ndani, tanki, maana magoti yakianza choo cha nje ni safari. Inayobaki achezee. Lazima achezee kitu, mzee asipokuwa na shughuli anaumwa.

mama wawili Tanga

Nyie mnaongelea kosta, mimi ninachokiona ni mdogo wake na namba ya siri.

Mama yetu ni nesi mstaafu. Pensheni ilikuwa inahamishwa kutoka benki kwenda kwenye simu, na mtoaji alikuwa mdogo wetu wa mwisho tunayekaa naye, kijana mpole, anampikia uji, anampeleka kliniki. Mama akawa analalamika hela haifiki tarehe 20. Tukajua uzee. Siku moja dada kaenda kuomba taarifa ya miezi saba, zikatoka karatasi kumi na moja. Mama kavaa miwani, kachukua kalamu nyekundu, akawa anapiga vema kwa kila anayoikumbuka. Kurasa nzima hazina vema. Elfu tano, elfu tatu, elfu saba, usiku usiku, zote mikeka ya kubeti mpira.

Kaka mkubwa alitaka kumfukuza. Mama ndio kakataa, akasema mkimfukuza nani atanigeuza usiku nikiumwa, wewe? Kaka akanyamaza. Tukakaa chini. Kijana sasa analipwa laki moja na nusu kila tarehe 26 waziwazi, sisi watoto tunachanga elfu themanini mama anaongeza inayobaki, ni mshahara wa kumtunza mama sio msaada. Hela kubwa inakaa benki, kwenye simu inaingia ya wiki tu. Namba ya siri alibadilisha mama mwenyewe, alichukua mwaka wa kuzaliwa bibi yake ambao sisi hatuujui. Kijana bado anaenda kwa wakala ila mama anabonyeza mwenyewe. Anachelewa, foleni inaguna, potelea mbali.

Sijasema mdogo wako anaiba. Nasema hata malaika usimpe namba ya siri ya mtu mwenye milioni sabini alafu umuache bila mshahara.

Na hayo macho! Mtoto wa jicho ni upasuaji wa kawaida, kama alikuwa mwanachama wa NHIF (bima ya afya ya taifa) kazini, mstaafu na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kukatwa tena, afuatilie tu kadi ya ustaafu. Macho yakipona nusu ya matatizo yako yameisha, atasoma meseji zake. Ningeanza hapo kabla hata ya hatifungani.

Binti wa Kihonda

Dada umenipiga pabaya. Kweli mdogo wetu hatumlipi chochote na tunamuita mvivu. Kadi nilikuwa sijui, mama alikuwa anasema bima imeisha na ajira.

kausha damu mstaafu

Jina langu linajieleza, nilifanya kazi sehemu ya mikopo, siitaji. Mawili matatu ya haraka.

Wastaafu wapya walikuwa ndio wateja watamu kuliko wote kwasababu wana kitu kinaingia kila mwezi bila kukosa. Tunawafuata kwa heshima nyingi, shikamoo kumi. Dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake, tunabaki nazo sisi, tarehe ya pensheni tunafika kwenye mashine kabla yake. Mzee anakuja kuomba nauli ya kurudi nyumbani kwenye hela yake. Niliacha baada ya mzee mmoja kuniita "mwanangu" akinishukuru kwa elfu kumi. Kwahiyo kadi isitoke nyumbani, hata kwa mkopo wa siku tatu.

Pili atapigiwa simu. "Mzee wetu hapa ni makao makuu, mafao yako yalikokotolewa kimakosa kuna milioni nne zimezidi, tuma laki mbili tufungue faili." Wanajua jina lake kamili na shule aliyofundisha. Uhakiki wa wastaafu haulipiwi, iwe kwa simu janja iwe ofisini, akisikia neno "tuma" akate. Mwambie mapema, akishatuma hatawaambia, ataona aibu kama mwalimu, na wale wakiona katuma mara moja wanarudi.

Tatu ni dogo, kwenye LUKU kila mwezi kuna 1,500 ya kodi ya jengo, upo msamaha kwa wazee wa 60 kwenye nyumba wanayoishi, una masharti yake, aende ofisi husika na kitambulisho aulize.

mchonga mwiko

Na wosia mbona hamsemi? Au mnaogopa.

mama wawili Tanga

Wewe si ulisema tumwache mzee? 😂 Wosia utakuja, ila ukimwambia baba aandike wosia wiki hela imeingia, ataelewa mnasubiri afe. Sisi mama aliuandika mwaka wa pili na wazo lilikuwa lake, katoka kwenye msiba wa jirani ambako watoto walishikana mashati kwa ajili ya friza. Mashahidi walikuwa wawili, mjomba na jirani asiye ndugu, wote wanajua kusoma, kwa kimila mtu anayejua kusoma anatakiwa angalau hao, asiyejua anahitaji wanne. Mwislamu ana utaratibu wake, wosia hauvuki theluthi moja na mrithi hausiiwi. Nakala tumeweka RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi, wanatunza. Ndani hatujui kaandika nini na hatumuulizi.

Chaki Nyeupe

Binti, mrejesho basi. Huwa mnapotea mkishapata ushauri.

Binti wa Kihonda

Samahanini nilikuwa Moro, zimepita siku kumi na moja nina mengi.

Shangazi alikuja kutoka Ifakara na mchele, hakuongelea hela siku mbili nzima, anamsimulia baba habari za mashamba tu. Siku ya tatu jioni akasema "kaka, yule mwenye kosta mpigie tuone daftari". Baba kapiga pale pale. Rafiki yake akasema daftari liko kwa dereva. Kesho yake dereva kasafiri. Keshokutwa ikawa "mwalimu kwani huniamini?" Baba hakusema kitu, ila jioni mama kaniambia ile karatasi kwenye friji haipo.

Mimi nikamsomea hii mada yote, naye kafumba macho anasikiliza. Hapo kwa deiwaka kacheka mpaka kakohoa. Hapo kwa hesabu za karani kaniambia rudia, kaenda kuchukua karatasi, kapiga mwenyewe kwa namba zake, akasema karani yuko sahihi ila angeonyesha njia.

Kadi ya NHIF tumefuatilia, tumepewa tarehe ya macho mwezi ujao. Milioni 30 kaweka UTT kwa sasa, hatifungani kasema atasoma mwenyewe akishapona asisomewe na mtu. Mdogo wetu tumekubaliana laki na ishirini kwa mwezi, kaka wa Mbagala kachangia kwa kununa. Namba ya siri bado, baba anasema "mtoto wangu hawezi kuniibia", hapo nimeacha kwanza.

Na ile ya kuchezea, kanunua ubao na mabenchi manne. Kuanzia Jumatatu anafundisha twisheni ya hisabati barazani, wale waliokuwa wanakuja na kware hawana tena pa kukaa. Wanafunzi tisa, elfu moja kwa kipindi. Saa kumi na moja anapiga pasi shati kama kawaida.

Kaniagiza niulize, Mwalimu wa Mbeya, hizo tairi laki tatu na nusu ulinunua wapi, anasema uliibiwa.